Kware wa Mtegoni Hasemi Uongo

Wiki mbili zilizopita, tukiwa katika somo la propaganda na maoni ya umma, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniuliza swali ambalo dakika kumi zilizokuwa zimebaki hazikulitosha. Aliuliza: mtu anayeeneza jambo la uongo huku yeye mwenyewe akiliamini, tumwite mwongo? Nikamjibu kwa mfano wa kware. Darasa likacheka, kwa kuwa wengi wao wamekulia mijini na kware wanamjua kwa mayai yake yanayouzwa kwenye vibakuli vya plastiki. Kengele ya kipindi ikatutawanya. Naandika hapa kile ambacho ningekisema kama ningepewa saa nzima, na ninaandika pia kwa sababu ya jambo lililoipata familia yangu hapa Mwanza, ambalo nitalifikia.

Nilikulia Rorya, mkoani Mara, upande ule ambako Ziwa Victoria na mpaka wa Kenya vinakutana. Huko kware huja na mvua. Si ndege wa kukaa mahali pamoja. Hufuata majani mabichi na mbegu, na masika yakishakolea, nyasi za pembezoni mwa mashamba hujaa sauti yake kabla jua halijachomoza. Waluo, wa Rorya na wa Siaya vilevile, humwita aluru. (Wataalamu wa ndege wangependa tumwite tomboro, na jina la kware libaki kwa ndege mwingine aliye mkubwa zaidi. Lakini sokoni tomboro hana mnunuzi, nami nitaandika kama soko linavyosema.)

Baba yangu mdogo alikuwa mnasaji. Vifaa vyake vilikuwa vichache. Alikuwa na mti mrefu ulionyooka, na vikapu vidogo alivyovisuka mwenyewe, kila kimoja na nafasi ya kumtosha ndege mmoja kugeuka. Ndani ya kila kikapu aliweka kware dume aliyekamatwa msimu uliopita au siku chache kabla. Vikapu vilitungwa juu ya mti, kimoja juu ya kingine, kisha mti ukasimikwa jioni pembeni ya shamba, wima, ili ndege wale wawe juu ya nyasi na sauti yao isafiri mbali. Chini, kuuzunguka mti, alifyeka vijia vyembamba katikati ya majani na kuvitegea vitanzi vya uzi. Kware akishatua hapendi kuruka tena. Hutembea kwa miguu, naye hupita penye njia. Alfajiri wale wa vikapuni wakianza kuita, walioko angani na walioko mashamba ya jirani huitikia, husogea, hutua, hutembea, hunaswa.

Kazi kubwa haikuwa kutega. Kazi kubwa ilikuwa kumtunza mwitaji. Baba mdogo aliwapa ndege wake mtama na kumbikumbi, aliwafunika kwa majani jua lilipokuwa kali, na sisi watoto tulikatazwa kabisa kuwatikisa. Kware mwenye njaa au mwenye hofu hunyamaza, na mti wenye vikapu vilivyonyamaza ni kuni tu. Kwa hiyo ndege aliyetendewa vizuri kuliko wote katika shamba lile ndiye aliyewaangamiza wenzake wengi kuliko wote. Katika msimu mmoja kware mmoja mwenye sauti nzuri aliweza kukataliwa kuuzwa hata kwa bei ya kuku.

Sasa, yule kware wa kikapuni alisema nini? Hapa ndipo penye jibu la mwanafunzi wangu. Hakusema lolote lililo uongo. Alfajiri ilikuwa alfajiri kweli. Yeye alikuwa kware kweli, dume kweli, mwenye afya kweli, na aliita kwa sababu zilezile ambazo kware huru huitia: kutafuta jike, kumwonya dume mwenzake, kutangaza kwamba hapa pana uhai. Kila sehemu ya ujumbe wake ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa cha uongo ni mahali pale, na mahali pale hakupatengeneza yeye. Uongo wote wa shamba lile ulikuwa katika mpangilio, na mwenye mpangilio alikuwa amelala nyumbani.

Ufundi wa namna hii si wetu peke yetu. Katika nchi za wawindaji wa bata, hasa Marekani, kutega kwa ndege wa bandia ni elimu nzima. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock huko Nevada, walipatikana bata 11 waliosukwa kwa matete na wenyeji wa kale wa eneo hilo, na umri wao unakadiriwa kuzidi miaka 2,000. Baadaye ukaja mti uliochongwa na kupakwa rangi, kisha plastiki. Siku hizi bata wa bandia husimikwa juu ya nguzo zinazotokeza majini, wana mabawa yanayozungushwa na mota ya betri, upande mmoja mweupe na upande mwingine mweusi, ili yakizunguka yametemete kama mabawa ya bata anayepunguza mwendo na kutua. Mpangilio wake una hesabu zake. Bata hutua akielekea upepo unakotoka, basi mwindaji hukaa upepo ukimpiga mgongoni, hutandaza bata wake wa plastiki mbele yake juu ya maji, na huacha nafasi tupu katikati. Nafasi ile ndiyo kiini cha mtego. Bata aliyeko angani huona wenzake wametulia wanakula, huona mmoja mwenye mabawa yanayometameta akishuka, huona nafasi moja iliyobaki, na hudhani imebaki kwa ajili yake.

Nimesoma kwa makini jambo moja katika historia ya uwindaji huo. Mwaka 1935, baada ya miaka ya ukame na baada ya idadi ya bata kushuka vibaya, serikali ya Marekani ilipiga marufuku kutumia bata hai kama wanasaji wa wenzao. Bata wa mbao haikumgusa. Hata haya mabawa ya mota yamewekewa mipaka na baadhi ya majimbo tu, California likiwamo. Tafakari hukumu iliyomo katika sheria ile. Watunga sheria walijua kwamba sanamu, hata ikichongwa na fundi stadi, hudanganya kidogo, na kwamba kiumbe hai anayeita kwa sauti yake mwenyewe, bila kujua anafanya nini, ndiye silaha nzito. Shahidi mkweli ni hatari kuliko kinyago.

Hapa Mwanza tunayo namna yetu. Usiku usio na mwezi, ukisimama juu ya mawe ya Capri Point na kutazama ziwani, utadhani mji mwingine umejengwa upande wa pili wa maji. Ni karabai za wavuvi wa dagaa, na siku hizi taa za betri na za sola, zimeelea juu ya maboya. Dagaa hufuata mwanga, hukusanyika chini yake, na wavu huwazunguka. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, kwa kuwa taa ya binadamu haiwezi kushindana na ile ya juu. Asubuhi shehena iko Kirumba mwaloni, inapimwa kwa ndoo, inasafirishwa hadi Kongo. Sina ugomvi na karabai. Naitaja kwa sababu nayo haisemi uongo. Ni mwanga, na mwanga ndicho dagaa anachokitafuta.

Ugomvi ninao na kile kilichoripotiwa Bunyala, upande wa Kenya wa ziwa hili hili, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000. Mtafiti wa ndege Martin Odino alifuatilia watu waliokuwa wakitega katika majaruba ya mpunga. Walichukua konokono, wakawapaka dawa ya wadudu aina ya carbofuran, iliyokuwa ikiuzwa madukani kwa jina la Furadan, kisha wakawatandaza shambani. Halafu wakamfunga korongo hai kwa kamba katikati ya jaruba. Korongo wengine wakipita angani humwona mwenzao amesimama, yu hai, hakuna kinachomkimbiza, nao hushuka kula. Nyama ile iliuzwa kwa watu. Sijui namna iliyo wazi zaidi ya kueleza jinsi mtego unavyofika mezani: mnunuzi naye alikuwa akimtazama muuzaji aliyesimama, yu hai, hakuna kinachomkimbiza.

Sheria zetu zinalijua hili kwa upande wa wanyama. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na kibali na inakataza sumu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu ziwani. Zote mbili, angalau katika maandishi, zinamtafuta mwenye mkono: nani ametega, nani ameweka, nani amemiliki kifaa. Hakuna askari wa wanyamapori atakayemkuta kware kikapuni akamfungulia mashtaka.

Kwa binadamu tunafanya kinyume chake.

Kumbuka kilichotokea Kenya mwishoni mwa mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014. Ndege yule yule niliyemwona kikapuni utotoni, au tuseme binamu yake wa kufugwa mwenye asili ya Asia, aligeuka dhahabu. Yai moja la kware lilifika kuuzwa hata kwa shilingi 100 za Kenya. Ilivuma kwamba linatibu karibu kila ugonjwa. Watu waliacha ng'ombe wa maziwa, wakabomoa mabanda ya kuku, wakapanga foleni kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya kuomba leseni, maana kisheria kware alihesabiwa kuwa ndege wa porini. Baada ya miezi michache yai likashuka hadi shilingi chache na halikupata mlaji hata kwa bei hiyo. Ukilichunguza soko lile utagundua kwamba lilikuwa na wanunuzi wengi wa vifaranga na mayai ya kuangulia, na wachache mno wa mayai ya kula. Mfugaji wa kwanza alipata faida kwa kumuuzia mfugaji wa pili, wa pili kwa kumuuzia wa tatu. Aliyeingia mwisho alibaki na banda lenye ndege mia tano waliokuwa wakiita alfajiri vizuri kabisa.

Katika mkumbo ule walikuwepo matapeli, sikatai. Lakini jirani aliyemshawishi jirani yake hakuwa tapeli. Alikuwa ameuza mayai kweli, amelipa ada ya shule kweli, na pikipiki iliyokuwa imeegeshwa nje ya nyumba yake ilikuwa pikipiki ya chuma. Alipoulizwa alieleza alichokiona. Aliita kwa sauti yake mwenyewe.

Nasi Tanzania tulikuwa tumekwisha kupitia somo hilo. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI, ambayo waumini na wasio waumini walikuwa wakipeleka fedha zao kwa lugha ya kupanda na kuvuna, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha kuendesha mpango wa upatu, kikajulikana hata kwa wauza mitumba. Neno upatu lenyewe lina bahati mbaya. Upatu wa kina mama kumi wanaochangiana kila mwisho wa mwezi, na kila mmoja akapokea kwa zamu, ni mojawapo ya taasisi za fedha zilizo safi kuliko zote katika nchi hii. Kila mtu anajua fedha imetoka mfuko gani na inaenda mfuko gani. Upatu wa kifungu 171A umeazima jina la ule wa kwanza pamoja na heshima yake, kama bata wa plastiki alivyoazima umbo la bata.

Sasa nifike nyumbani.

Shangazi yangu amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Anaishi Buswelu katika nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na tisa, chumba baada ya chumba. Mwaka jana mtu aliyekuwa mwanafunzi wake, kijana ambaye leo hakuna anayejua aliko, alimwingiza katika mpango wa simu ambao uliahidi kulipa kwa kila siku unayobonyeza na kutazama matangazo. Jina la mpango huo sitaliandika. Shangazi si mtu wa kukurupuka. Aliweka shilingi 300,000, akasubiri. Baada ya siku thelathini zikaingia 420,000 kwenye simu yake. Alizitoa kwa wakala, akazishika mkononi, akanunua mabati sita. Ndipo akaweka milioni mbili kutoka katika kiinua mgongo chake, na ndipo, Jumamosi moja baada ya kikao cha kikundi chao cha kuweka na kukopa, wenzake walipouliza mabati yametoka wapi, akawaambia.

Kumi na mmoja waliingia. Muuza vitumbua, wauguzi wawili, mjane mwenye kibanda cha dawa baridi, na wengine ambao sote mtaani tunawafahamu. Hakuna aliyemwamini yule kijana, wala hakuna aliyemjua. Walimwamini Mwalimu. Baada ya wiki saba, asubuhi moja, mpango ulikuwa haufunguki. Kundi lao la WhatsApp, lililokuwa likitumiwa salamu kila alfajiri, likafutwa na msimamizi wake.

Walipokwenda kutoa maelezo katika kituo kimoja cha polisi, kila mmoja aliulizwa, kwa haki kabisa, nani alikushawishi. Kumi na mmoja wakataja jina moja. Katika jalada lile, kwa majuma kadhaa, mtu pekee mwenye jina kamili, anuani na mtaa alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu aliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa huo kusoma. Jamii nayo ikafanya uchunguzi wake. Mtu aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yake. Mtu mwingine, wakati wa msiba, alisogeza kiti chake.

Familia iliitisha kikao. Nami nikaitwa, kwa kuwa katika koo zetu mtu akishapewa shahada ya uzamivu hudhaniwa anajua kila kitu, kuanzia mirathi hadi ugonjwa wa ng'ombe. Nilieleza habari ya kware kama nilivyoieleza hapa. Nikasema shangazi hakudanganya. 420,000 zilikuwa kweli, mabati yapo juu ya jiko, yanaonekana. Nikasema kwamba waliotega walimlipa kwa makusudi ile mara ya kwanza, kwa sababu mpango wa namna ile hauwezi kuishi bila watu wakweli mbele yake. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nilidhani hoja imekamilika.

Yule mjane wa kibanda cha dawa alikuwa amealikwa kuwakilisha kikundi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dokta, tumekuelewa. Ila kware hapati asilimia."

Ilikuwa kweli. Kwa kila mtu aliyeingia kwa namba yake, mpango ulimpa shangazi shilingi 30,000. Hakuwaficha, mpango wenyewe uliwatangazia wote, na baadhi yao walizipata vilevile kwa watu waliowaleta wao. Lakini hakuzikataa. Zilikuwa jumla ya 330,000 na alizitumia.

Nimeifikiria kauli ya mama yule mara nyingi kuliko vitabu kadhaa nilivyowahi kuvipangia wanafunzi. Kumbikumbi aliopewa kware wa baba mdogo hakuwa na uwezo wa kuwahoji; hakujua kwamba ni ujira. Binadamu anaweza kuuliza. Anaweza kusema: hii fedha ninayopewa kwa sababu ya jirani yangu, imetoka wapi kama si kwa jirani yangu mwenyewe? Swali hilo halihitaji elimu ya fedha. Hata hivyo ni swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kutufundisha kuliuliza, na hapo ndipo nina neno na watumishi wenzangu wa umma.

Kila mpango wa namna hii unapoanguka, kiongozi hupanda jukwaani na kutuambia wananchi tuache tamaa, tujihadhari na matapeli. Tamaa mbele, mauti nyuma. Maneno hayo yana kasoro mbili. Ya kwanza, yanamlaumu aliyeibiwa kwa tabia ambayo benki na bahati nasibu huisifu kila siku katika matangazo yao. Ya pili ni mbaya zaidi. Yanatufundisha kumtafuta mwongo, mtu mwenye miwani mieusi na maneno mengi, ilhali anayekuja kutuita ni mtu mkweli tunayemheshimu. Mwananchi anamtazama Mwalimu usoni, haoni uongo, kwa sababu haupo. Onyo la serikali limemwandaa kwa bata wa mbao, na aliyeletewa ni bata hai.

Onyo la manufaa lingezungumzia mahali. Lingemwambia mtu asiulize tu, "Huyu anayeniambia ni mwaminifu?" bali aulize kampuni inauza nini na kwa nani, na kama ina leseni ya Benki Kuu au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na lingesemwa na ofisi ya serikali ya mtaa wakati mpango ungali unalipa, si baada ya kufungwa. Wakati ungali unalipa ni mgumu kwa kiongozi. Watu wanafurahi, mabati yanapandishwa, na anayehoji huonekana mchawi. Nawafahamu watumishi wawili wa umma waliotilia shaka mpango ule mapema, wakanyamaza kwa sababu wakuu wao walikuwa ndani yake.

Na katika upelelezi, swali la nani alikushawishi libaki, lakini lisiwe la kwanza. La kwanza liwe fedha ilikwenda namba gani. Kware anaweza kutuonyesha mti ulipo. Hawezi kutuonyesha nyumba ya aliyeusimika. Kwa hilo tunahitaji kufuata nyayo.

Kuhusu shangazi, kikao kiliamua, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioamua, kwamba zile milioni na malaki walizopoteza wale kumi na mmoja si deni lake. Zile 330,000 ni deni lake. Binamu zangu wawili walipinga vikali, wakisema kulipa ni kukiri kosa la jinai. Yeye mwenyewe hakungoja mjadala uishe. Alisema atalipa 30,000 kwa kila mmoja, kwa awamu, kutoka katika pensheni, na alianza mwezi uleule na muuza vitumbua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na hali ngumu kuliko wote. Wawili kati ya wale kumi na mmoja wamekataa kupokea. Mmoja amepokea na bado hamsalimu.

Watu waliofundisha darasa la tatu kwa muda mrefu hawatupi karatasi. Shangazi alikuwa na daftari la mistari ambamo, tangu siku ya kwanza, aliandika kila kitu kwa kalamu ya bluu: tarehe, kiasi, namba ya simu iliyopokea fedha, na jina lililojitokeza kwenye ujumbe wa muamala. Namba zilikuwa zikibadilika karibu kila wiki. Tulipozihesabu tulipata majina manane tofauti, na matatu kati yake yalijirudia. Hakuna aliyekuwa amemwomba daftari hilo. Nilimsindikiza kituoni siku ya Jumatatu. Askari aliyetupokea alikuwa kijana mdogo; alianza kusoma akiwa amesimama, akafunua ukurasa wa pili, akavuta kiti. Akauliza kama anaweza kubaki nalo. Shangazi akamwambia abaki na nakala, tena zitolewe mbele yake, kwani kurasa za nyuma ndimo anamoandika marejesho na bado hazijafika nusu.